Mpira Usilale Ndani

Papa Gaspard alipofariki mwaka huu, wanawe waliniita niingie nao chumbani kumuosha. Nilikuwa nimesimama uani kwao, karibu na maporomoko, pamoja na watu wengine waliokuja matanga. Mwanawe mkubwa, Dieudonné, alitoka mlangoni mikono ya shati ikiwa imekunjwa, akanitafuta kwa macho kati ya watu. "Feruzi, ingia," akasema. "Wewe uko mutoto ya hii nyumba." Wazee waliokuwa karibu nami waligeuka kunitazama, maana kila mtu pale alijua kwamba mimi si wa ukoo wao wala wa kanisa lao. Niliingia. Nilimuosha mgongo na mabega, mabega yaliyokuwa mapana siku nilipomjua na sasa yalikuwa yamebaki mifupa na ngozi. Nilipotoka, maji bado yakinidondoka kwenye viganja, nilimwona Régine, binti yake, ameketi kwenye kiti cha plastiki kati ya shangazi zake. Alikuwa amefika siku ileile kutoka Ulaya, anakoishi. Hatukuwa tumeonana tangu ujana wetu. Alikuwa na mvi, na miwani aliyoivaa juu kidogo ya pua. Alitazama kwanza mikono yangu iliyolowa, ndipo akanitazama usoni.

Tangu saa ile fikira zangu zimekuwa zikirudi kwenye mwaka mmoja tu, mwaka ule baada ya vita, boti zilipoanza tena kupanda mto kutoka Kinshasa. Nilikuwa nimemaliza masomo ya biolojia, na nilikuwa msaidizi katika maabara ya chuo. Régine alikuwa ananizidi kidogo kwa umri na kwa masomo, akiandaa utafiti wake wa shahada ya juu. Profesa wetu alikuwa amekwama Kinshasa tangu vita, kwa hiyo chumba kile kilikuwa chetu. Kilikuwa mwishoni mwa ukumbi, na baadhi ya vioo vya madirisha vilikuwa vimevunjika na mahali pake tumebandika maboksi. Palikuwa na meza ya vigae vyeupe, hadubini ambayo Régine aliifunika kila jioni kwa kitambaa chake cha kichwani, na étuve, lile kabati la joto la kuoteshea vijidudu. Umeme wa maporomoko ya Tshopo ulikuwa unakuja na kuondoka. Ukiondoka, tulihamisha visahani vyetu kwenye sanduku la kuhifadhia barafu, tukavizungushia chupa za maji ya moto, tukawa tunapokezana kuchemsha maji mengine. Mpaka leo nikisikia harufu ya mkaa na ya spiriti mahali pamoja, hunilazimu kusimama kidogo kabla ya kuendelea na nilichokuwa nafanya.

Swali lake Régine alilipata katika wadi ya wanaume ya hospitali moja mjini. Wagonjwa waliozibwa mkojo walikuwa wanawekewa sonde, mpira mwembamba unaopitishwa mpaka kwenye kibofu, na wengi wao walipata homa. Walipewa dawa, homa ikashuka. Wiki iliyofuata ikarudi. Mipira mipya haikuwapo mjini, kwa hiyo ile iliyotolewa kwa mgonjwa mmoja ilioshwa, ikalowekwa kwenye maji ya klorini, akawekewa mwingine. Kila mtu aliamini kwamba klorini imeisafisha. Régine hakuamini. Alinieleza siku moja tukila mihogo ya kuchemsha kwenye ngazi za nyuma ya jengo. "Microbe ikiwa peke yake ndani ya maji, dawa inaiua," alisema. "Lakini ikishika kwa mupira, inabaki pale, inazaa, banatoa ute, banajifunika ndani yake. Donc dawa inapita juu, microbe banalala chini. Dawa ikiisha, banaamuka." Wafaransa huuita ute ule biofilm, na mimi nilikuwa nimelisoma neno lile bila kuuona ute wenyewe. Yeye ndiye aliyenionyesha.

Tulikata vipande vya mipira iliyotoka wadini, iliyokwisha kuoshwa na ambayo kwa macho ilikuwa safi kabisa. Tukakata na vipande vya mpira mmoja mpya ambao Régine aliupata kwa kuomba sana. Tulivitumbukiza vyote kwenye ile dawa ya zambarau ambayo akina mama huwapaka watoto wenye vidonda mdomoni, kisha tukavisuuza taratibu. Mpira mpya ulibaki na rangi hafifu, kama doa la mvinyo lililofuliwa. Ile mingine ilikuwa myeusi kwa zambarau upande wa ndani, na rangi haikutoka hata tuliposuuza tena na tena. Baadaye tuliacha vipande vipya katika mkojo, vingine kwa saa chache, vingine kwa siku kadhaa. Vya saa chache havikushika ila kidogo. Vya siku vilikuwa na ute mnene, na ukivikwangua na kuotesha kilichotoka, sahani nzima ilijaa. Régine alivipanga mezani kwa mfuatano, akakaa akivitazama huku kidevu kikiwa kwenye kiganja. "Unaona?" aliniambia. "Inahitaji muda. Tusipoipa muda, haina nguvu."

Tulivipeleka hospitalini kwa Docteur Lobela, daktari wa upasuaji, na kwa Mama Euphrasie, muuguzi mkuu wa wadi. Docteur alivigeuza geuza kwa koleo, kisha akavisogeza kwa Mama Euphrasie. Mama Euphrasie alivaa miwani yake, akatazama vizuri, akasema, "Naona. Munasema kweli. Sasa nikitupa hii mipira yote, hawa wababa bakojoe na nini?" Tulivikusanya vipande vyetu. Tulirudi chuoni kwa baiskeli za toleka, kila mmoja nyuma ya dereva wake, na njia nzima niliutazama mgongo wa Régine mbele yangu, umeinama.

Labda nimeshaonyesha tayari kwamba nilimpenda. Yeye naye alinipenda, na hakuwa mtu wa kuficha. Alinigawia chakula chake bila kuniuliza, na nikichelewa aliniuliza nilikuwa wapi kama mtu mwenye haki ya kuuliza. Tulikuwa tumekubaliana kwamba wakati wa kiangazi nitakwenda kwao maporomokoni kujitambulisha kwa baba yake. Tulijua watakuwapo wa kusema maneno kwa sababu mimi ni Mwislamu, kwao na kwetu. Régine alisema baba yake ni mtu wa kusikiliza. Nilikuwa nimeanza hata kufikiria shati nitakalovaa.

Kabla ya kiangazi baba yake aliletwa hospitalini na majirani, tumbo limevimba, mkojo umefunga kabisa. Ilikuwa tezi dume. Docteur Lobela alisema atampasua, lakini vyombo alivyoviagiza vilikuwa kwenye boti iliyokwama kwenye mchanga upande wa Basoko, na hakuna aliyejua itanasuliwa lini. Papa Gaspard akawekewa sonde. Ilikuwa imeshatumika, imelowekwa klorini, kama zote. Régine alisimama miguuni pa kitanda akiona inafanyika, na hakuweza kukataa, kwa sababu baba yake alikuwa anauma meno kwa maumivu, na mkojo ulipotoka alilia kwa nafuu kama mtoto. Homa ilikuja siku chache baadaye. Akapewa dawa, homa ikashuka, ikarudi kali zaidi. Mtu yule mkubwa, mvuvi aliyezoea kusimama juu ya miti iliyosimikwa katikati ya maji yanayonguruma akishusha vikapu, alikuwa anatetemeka chini ya blanketi mpaka kitanda kinalia, na anaita ndugu zake waliokufa.

Tulikutana kwenye chumba kidogo cha wauguzi, Docteur, Mama Euphrasie, Régine na mimi. Docteur alikuwa amechoka. "Nitabadilisha antibiotique," alisema.

"Tumeshabadilisha, Docteur," Régine alisema. "Inaenda, inarudi. Shida iko kwa mupira."

"Nikiutoa, atakojoa namna gani? Mupya haiko. Kupasua siwezi kama vyombo havijafika."

"Alors mupira usilale ndani," Régine alisema. Aliongea polepole, na niliona kwamba alikuwa amelifikiri jambo lile kwa muda mrefu. "Tuuchemshe, uingie, utoe mukojo, utoke. Tukirudi tena, tuuchemshe tena. Mara kadhaa kwa siku. Hautakaa ndani ya kutosha kwa microbe kujifunika."

Docteur alimtazama Mama Euphrasie. Mama Euphrasie alivuta pumzi. "Si jambo baya," alisema. "Lakini nani atafanya? Salle imejaa wagonjwa, na wauguzi wangu wanaume unawahesabu kwa mukono moja. Ndugu ya mugonjwa anaweza, nitamufundisha. Mutoto yake ya kiume iko wapi?"

Dieudonné alikuwa mbali, Banalia, kwenye biashara ya samaki, na wadogo zake wengine vita viliwatawanya. Pale kitandani walikuwapo Régine na shangazi yake, Tantine Albertine. Wote wawili wanawake, binti na dada. Hakuna aliyehitaji kueleza kwamba binti hawezi kumfanyia baba yake jambo lile. Kupitia mlangoni tulikuwa tunamsikia Papa Gaspard akihema.

"Nitafanya mimi," nikasema.

Régine aligeuka kunitazama. Nakumbuka mpaka mkunjo wa kola ya blauzi yake siku ile, lakini uso wake siwezi kusema ulikuwa unasema nini. Alifungua mdomo, kisha akaufunga.

Mama Euphrasie alinifundisha siku ileile. Sabuni mpaka kwenye viwiko. Mpira uchemke katika sufuria iliyofunikwa, na maji yakianza kuruka usiseme inatosha kwa sababu una haraka. Uuache upoe katika maji yake. Usiushike mahali patakapoingia. Mara ya kwanza mikono yangu ilikuwa migumu, na Papa Gaspard aliyageuza macho yake kwenye dari, mimi nikatazama kazi yangu tu. "Fanya, mutoto," alisema. "Mimi nitasema habari ya maji." Akaanza kunieleza jinsi wanavyosimika miti mikubwa katikati ya maporomoko na kuifunga kwa kamba za msituni, jinsi mtu anavyotembea juu yake akiwa na kikapu kikubwa chenye umbo la pembe, na jinsi mto unavyobadilisha sauti kabla haujaanza kujaa. Alisema mpaka nikamaliza. Kesho yake aliendelea pale alipoachia. Ikawa ndivyo kila mara: mimi na mpira, yeye na maji yake, na aibu ya sisi wawili ikipita katikati bila kuguswa. Sijawahi tena kumsikiliza mtu kwa makini kama nilivyomsikiliza yeye.

Homa ilishuka. Tulingoja irudi, tukawa tunamgusa paji la uso kila tukipita, Régine, mimi, hata Docteur. Haikurudi. Papa Gaspard alianza kuketi, kisha kutembea mpaka uani akishika ukuta. Tantine Albertine alipikia pale pale nyuma ya wadi, kwenye mbabula, majiko ya mkaa ya familia za wagonjwa: lituma aliyoiponda kwa ndizi mpaka ikawa laini, samaki wa liboke aliyeiva ndani ya majani, na sombe, yaani kisamvu, mawese yakiwepo. Tuliketi kwenye mkeka sisi wanne. Papa Gaspard alinitengea kichwa cha samaki, na nilipokataa kwa adabu alikisukuma upande wangu bila kukatiza mazungumzo. Régine alikuwa anacheka. Jua lilikuwa linapita kwenye majani ya mipapai na kuangukia mikono yetu ndani ya sahani moja. Nilidhani utamu wa mwaka ule ndio kwanza unaanza, kumbe ule ndio ulikuwa wote.

Mchana mmoja nilikuwa nyuma ya pazia la wadi nikisubiri sufuria ichemke. Wao wawili, Papa Gaspard na dada yake, walidhani nimekwenda chuoni.

"Yaya," Tantine Albertine alimwambia kaka yake mkubwa, "huyu kijana anamupenda Régine. Batu yote banaona."

"Najua," Papa Gaspard alijibu.

"Na wewe unasema nini?"

"Ningemupa," alisema. "Kanisa, musikiti, hayo tungesema mpaka ingeisha. Iko kijana muzuri. Lakini ameniona. Kila siku ananiona, ananishika kwa mikono yake. Bokilo, mukwe, hawezi kuona bokilo yake namna hiyo. Huyu Mungu amenipa kama mutoto. Na mutoto haoi dada yake."

"Ilikuwa ugonjwa, yaya. Mungu anajua."

"Ugonjwa utaisha, Albertine. Hii haiishi."

Sufuria ilikuwa inachemka. Niliitazama. Ningeweza kuondoka, na nadhani hakuna ambaye angenilaumu. Lakini saa ya kumhudumia Papa Gaspard ilikuwa imefika, na ndani mle kulikuwa na mtu ambaye kibofu chake kilikuwa kimejaa. Niliuacha mpira upoe, nikanawa mpaka kwenye viwiko, nikafungua pazia. Aliponiona alilitazama pazia, akanitazama mimi. Kisha akatazama dari, akaanza kuniambia habari za samaki wanaokuja na maji mapya.

Nilimweleza Régine kesho yake maabarani. Alikuwa amesimama mbele ya hadubini. Hakushtuka. Alisema, "Nitaongea naye," na aliongea naye, najua, kwa sababu kwa siku kadhaa macho yake yalikuwa mekundu na baba yake alikuwa anakula kidogo. Papa Gaspard hakupandisha sauti hata mara moja. Alirudia tu kwamba amepata mtoto na hawezi kumrudisha. Tungeweza kuasi. Vijana wa leo ninaowasimulia huuliza mbona hatukupanda boti tukaenda zetu. Lakini mtu anayelala kitandani, ambaye uhai wake unaingia na kutoka kwa mikono yako kila siku, utamwasije? Tuliendelea kufanya kazi. Tuliketi meza ileile ya vigae vyeupe, magoti yetu hayagusani tena.

Boti ilinasuka, vyombo vikafika, na pamoja navyo maboksi ya mipira mipya. Docteur Lobela alimpasua Papa Gaspard, na mzee akatoka hospitalini kwa miguu yake. Kufikia hapo wadi ilikuwa imebadilika. Ndugu wa wagonjwa wengine walikuwa wameniona, wakamwomba Mama Euphrasie awafundishe nao, na homa zilipungua mpaka wauguzi wenyewe walikuwa wanazungumza juu yake. Hata mipira mipya ilipofika, Mama Euphrasie hakuruhusu ikae ovyo. Kila asubuhi alipita kitanda kwa kitanda akiuliza, "Huu mupira iko na kazi gani leo?" Asiyekuwa na jibu aliutoa. Swali lile ndilo nililolifundisha maisha yangu yote baadaye, katika wadi za mji huu na za Basoko na Yahuma, kwa wauguzi ambao wengi hawajui lilitoka kwa nani.

Régine alitetea utafiti wake, akapata nafasi ya kuendelea na masomo nje. Aliondoka kwa boti ya kwenda Kinshasa. Pale beach, yaani bandarini, palikuwa na kelele za wachuuzi na magunia ya mchele, na kwa sababu ndugu zake wote walikuwapo alinipa mkono kama alivyowapa wengine, akaushika kidogo zaidi. Boti ilipopotea kwenye kona ya mto, Papa Gaspard aliniwekea mkono begani. "Mutoto, twende nyumbani tukule," alisema. Nilikwenda. Nimekula nyumbani mwake tangu siku ile mpaka mwaka huu. Nilioa baadaye, mwanamke mwema, na sitaki mtu adhani kwamba niliishi bila furaha. Watoto wangu walimwita babu. Lakini yako masaa ya mchana, hasa umeme ukikatika na vyumba vikawa kimya, ambapo natamani mtu mmoja aketi upande wa pili wa meza na kusema "Unaona?" kwa sauti ile.

Jioni baada ya mazishi nilimkuta Régine ameketi kwenye jiwe kando ya mto, chini ya nyumba yao, miguu majini. Niliketi karibu naye. Aliniambia kwamba bado anafanya kazi juu ya ute uleule. Sasa ni kwenye valvu za moyo na magoti ya chuma, na bado unawashinda kila wanapoupa muda. Tulicheka kidogo. Kisha akauliza, akitazama maji, "Siku ile kwa chumba ya wauguzi, ulijua?"

"Nusu," nikasema. "Nilikuwa nimesikia habari za bokilo. Nilidhani kwa mgonjwa watasamehe."

"Mimi nilijua yote." Alivua miwani, akaifuta kwa kanga aliyojifunga. "Ningesema, ngoja Dieudonné arudi. Nilifungua kinywa kabisa. Halafu nilisikia papa anapumua, nikanyamaza."

"Asingemngoja Dieudonné. Angekufa."

"Najua. Hata leo ningenyamaza." Aliivaa tena miwani. "Lakini nilikuchagulia, Feruzi. Na sikukuuliza."

Nilimwambia kweli, kwamba hata angeniuliza ningefanya vilevile, na kwamba kwa miaka mingi nilikuwa nimepata baba. Aliuweka mkono wake juu ya jiwe, karibu na wangu, na tukakaa hivyo mpaka bintiye, Grâce, msichana aliyezaliwa kulekule Ulaya na kujifunza Kiswahili cha babu yake kwa simu, alipotokea juu ya ngazi za udongo. Hakuwa amewahi kuniona kabla ya juma lile, na alikuwa ameshaambiwa na wajomba zake aniite nani.

"Noko Feruzi," aliita, "banakuita. Chakula iko tayari."

Ni jina ambalo mtoto humwita kaka wa mama yake. Niliitika, nikasimama, nikampa Régine mkono ainuke. Kisha nilitangulia kupanda ngazi, na sikugeuka nyuma, kwa sababu kaka hamtazami dada yake namna nilivyotaka kumtazama.